Vipande vya "Nanii" Ukutani

Siku yangu ya kwanza katika studio ya redio, pale Musoma, Mkuu wa Vipindi alinikabidhi wembe na gundi ya karatasi. "Kazi yako ni kusafisha," akasema. "Msikilizaji hana muda wa takataka." Takataka zenyewe zilikuwa nanii, enhe, yaani, na miguno ya mtu anayetafuta neno.

Enzi zile, wajukuu zangu, sauti ilikaa kwenye utepe mwembamba. Unasikiliza, unatia alama, unakata, unaunga. Vipande nilivibandika ukutani kwa mpangilio hadi kipindi kirushwe, maana bosi alikuwa kigeugeu. Wazee walikuwa na nanii zao, vijana yaani zao. Niliwakata wote bila upendeleo, tena kwa maringo.

Tukamrekodi mfugaji mmoja wa Butiama. Huyo alitanguliza nanii kabla ya kila jina, la mtu au la ng'ombe. Nilimsafisha akang'aa. Kipindi kiliporushwa, alikuwa ameshazikwa.

Kesho yake bintiye, Nyangeta, akafika studio.

"Dada, sauti ni ya baba, ila yule siyo baba. Alikuwaga hawezi kutuita bila nanii. Na sina sauti yake ingine."

Moyo ulinipasuka. Kipindi kikisharushwa, vipande huenda pipani. Nilikimbilia chumba cha kuhariri, na ukutani vilikuwepo, vyote! Nilishusha pumzi. Nikaviunga kimoja kimoja, Nyangeta akinishikia utepe, kisha tukaucheza. Mzee akasikika:

"Nanii... nanii... Nyangeta, umefunga zizi?"

Alicheka, kisha akalia, nami nikalia. Kugeuka, Mkuu wa Vipindi yuko mlangoni. Nikajua kazi imeota mbawa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mrekodie kaseti," akasema. "Kesho uendelee kukata."

Niliendelea, hata nilipohamishiwa Bunda, ambako kompyuta ilikata kwa kubonyeza tu. Nyumbani nako nilijichunga ulimi kama niko hewani. Kustaafu ndiko kulikonifungua. Hapa Nyasura naongea ninavyotaka, nanii zikiwemo, na raha yake siwezi kuwaeleza.

Mjukuu wangu mmoja yuko chuo, hunitumia sauti kwenye simu: "Bibi, so, yaani, yaani nimefaulu!" Nasikiliza yaani zote, siruki hata moja.

Jana alituma nyingine. "Bibi, so... nanii... umeshakula?"

Hiyo nanii hakuipata chuoni. Nimeirudia mara nne, nikicheka peke yangu.