Jumapili Nne kwa Watu wa Msiba

Saa nane kasoro mchana, Jumapili, mjini Serowe. Boitshepo Gaolatlhe amesimama kwenye ujia wa ukumbi wa kanisa, kati ya milango miwili, ameshika mfuko wa plastiki wenye sketi ya shule. Anasogea kwenye mlango mmoja, anarudi kwenye mwingine. "Usiniulize," ananiambia kabla sijafungua mdomo. "Mimi mwenyewe sijui."

Mlango wa mbele ni wa chama cha kuzikana. Ule wa nyuma, karibu na jiko, ni wa watu wanaosaidiana kuacha pombe. Siku ileile, saa ileile, chai kutoka birika moja. Aliyewapangia hivyo sijui alikuwa anawaza nini.

Boitshepo, miaka 43, ni fundi cherehani. Shati la shule hulishona kwa pula sitini, fedha za huku, na kwa miaka sita, nyingi ya hizo ziliishia kwenye pakiti za bia ya mtama.

"Mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kutunga uzi," anasema. "Nikawa namwomba mteja anitungie. Mteja! Aibu gani hiyo?"

Mwaka jana dada yake, Mosidi, alimchukua binti wa Boitshepo, Wame, mwenye miaka kumi na mmoja. Mosidi hakugomba. Aliacha sharti tu: "Watafute hao wanaoacha pombe. Ukae nao Jumapili kumi mfululizo, bila kuonja. Ukivunja moja, mtoto ni wangu."

Nesi wa zahanati alimwelekeza kwa mdomo: ukumbi wa kanisa, Jumapili saa nane. Akaongeza, "Usiulizeulize mlangoni, mama. Wale hawapendi kutajwa."

Basi hakuuliza. Akaingia mlango wa mbele.

Huko alikuta viti vimepangwa duara, sala, chai na maandazi. Mgeni husimama akataja jina na ukoo wake, kisha anapigiwa makofi. Mila ya chama ni kwamba mgeni hahojiwi, maana huenda amefiwa juzi tu. Boitshepo akaona ndiyo heshima aliyoambiwa na nesi. Mtu mmoja alisimama akasema amempoteza kaka. Mwingine, shangazi.

"Nikajisemea, kumbe pombe imeua wengi hivi!" anasema. "Nililia. Wakanishika mkono. Wiki nzima sikunywa kwa woga."

Jumapili ya tatu waligundua ni fundi, wakampa kitambaa ashone mashali ishirini na mawili ya sare. Alishona mchana kutwa. Kiu ikija, anasema, alikanyaga cherehani kwa hasira.

Jumapili ya nne akaona si haki kuendelea kunyamaza. Akasimama. "Naitwa Boitshepo. Mimi ni mlevi."

Mhazini wa chama, mama aitwaye Mma Ketlogetswe, akashusha kikombe. "Mwanangu, sisi tunazikana. Walevi wako nyuma, karibu na jiko. Mume wangu yuko huko sasa hivi."

Ukumbi mzima ulicheka, naye akacheka, halafu akalia tena. Mma Ketlogetswe alimshika mkono, akampeleka mpaka chumba cha nyuma.

Huko walikuwepo watu saba. Boitshepo aliuliza swali moja tu: zile Jumapili nne zinahesabika? Mwenyekiti, dereva mstaafu, akamjibu, "Leo umekunywa?" "Hapana." "Basi kaa."

"Sasa hilo ni jibu?" ananiuliza hadi leo. Mimi nami sijui.

Mosidi alijua. Kwenye simu alisema, "Ulikaa na wafiwa, hukukaa na walevi. Anza upya." Kwa hesabu ya Boitshepo, leo ni Jumapili ya kumi. Kwa ya dada yake, ni ya sita.

Saa nane kamili Mosidi anatokea, kama walivyoagana kwenye simu, na Wame nyuma yake. Hamsalimii mtu ujiani. Anaingia moja kwa moja mlango wa mbele, nasi tunamfuata. "Dumelang, akina mama," anawasalimu. "Ni kweli huyu alikaa hapa hajanywa?"

Wote wanaongea kwa pamoja. Mma Ketlogetswe anavua shali lake, anamwekea Mosidi mikononi, na kuligeuza upande wa ndani. "Kagua mshono, mama. Mashali ishirini na mawili, na hakuna mshono uliopinda. Ulishaona mlevi anashona hivi?"

Mosidi anapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Mtoto atakuja kwako shule zikifungwa," anasema hatimaye. "Wiki moja. Tutaona."

Boitshepo haamini. Anaitoa ile sketi kwenye mfuko, ameishona wiki hii kwa vipimo alivyokuwa navyo kichwani, na kumwekea Wame kiunoni. Haifiki magotini. Haifungiki.

"Mama, hiyo ni saizi ya mwaka jana," Wame anasema kwa sauti ndogo.

Boitshepo anaitazama sketi, kisha mtoto. Anavuta utepe wa kupimia kutoka shingoni. "Simama wima," anasema. "Nianze upya."