Mafuta ya Mama wa Chipsi

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwanafunzi Njoro, nikijaribu kugeuza mafuta ya kupikia kuwa dizeli kwa vimeng'enya vinavyotolewa na kuvu. Mafuta nilipewa bure na mama aliyekaanga chipsi karibu na geti la chuo. Aliniwekea yaliyobaki kwenye mtungi, ameshayachuja kwa kitambaa safi.

Jaribio la kwanza lilikataa kabisa. Nilitikisa chupa siku tatu, dizeli hakuna. Nikatoka maabara nimefura, nikamsimamia yule mama mbele ya wateja wake: "Mathe, umeniwekea maji kwa mafuta!"

Watu wakaacha kutafuna. Akapangusa mikono kwa aproni. "Pole, kijana wangu. Labda ni hizi viazi, ziko na maji mingi."

Kesho yake mhadhiri wangu alisoma daftari langu akacheka. Methanoli, ile spiriti tunayochanganya na mafuta, hutiwa kidogo kidogo. Mimi mjinga niliimwaga yote mara moja, nikaviua vimeng'enya. Tena maji kidogo, akasema, hata vinayapenda.

Nilirudi kwa yule mama kuomba msamaha. Nikamkuta ameinamia karai la mafuta matupu, hakuna kiazi ndani, makaa yanaisha bure. Alikuwa anakausha maji kwa ajili yangu.

"Haya sasa hayatakusumbua," akasema.

Nikasema asante, nikabeba mtungi. Aliendelea kuyachemsha hivyo mwaka mzima, nami nikaendelea kusema asante.