Uso wa Baba wa Shaba

Baba yangu alikuwa mfugaji, na maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Alisema anayetengeneza sura ya mtu ataambiwa siku ya kiyama aitie roho. Alipofariki, wafadhili wakataka sanamu yake ya shaba hapa Garsen, kwa kuwa ndiye aliyewapatanisha wafugaji na wakulima. Fundi wa sanamu akaomba picha. Hatukuwa nayo hata moja, basi akanikalisha mimi, akaniongezea ndevu na makunyanzi. Nikamwambia mimi nimefanana na mama. Wapi! Hakunisikia. Sasa kila nikipeleka ng'ombe mnadani naupita uso ule, na wageni wamesimama wanaupiga picha. Jana nilifumba macho nimkumbuke baba. Akaja yule wa shaba.