Kipande cha Nyama Mfukoni

Nilitoka Morogoro kwa treni, nikashuka Kigoma, nikapanda basi hadi Kasulu, na mwisho pikipiki hadi Rungwe Mpya. Siku tatu, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nimehama mara nyingi, lakini safari ile ndiyo ninayoiota bado.

Kazi ilikuwa kufundisha mbwa kunusa saratani. Tulipanga makopo sita uani. Matano yalikuwa na barakoa zilizovaliwa na watu wazima wa afya, moja lilikuwa na ya mgonjwa wa saratani. Mbwa akiipata, anakaa kimya mbele yake. Akipatia, namtupia kipande cha nyama kavu. Akikosea, hapati kitu.

Mama mwenye nyumba tuliyopanga, mjane aliyezaliwa Burundi na kuzeekea hapa, alitutazama kila siku huku akipepeta maharage. Sheria zetu alizijua kama mimi.

Asubuhi moja mbwa jike mweusi, mwerevu kuliko wote, aliyaacha makopo, akaenda kukaa kimya mbele ya mama. Akanigeukia, akisubiri.

"Huyu ana adabu," mama akasema. "Wewe tangu uje hujanisalimia vizuri hivi."

Nilicheka. Mkono ulikuwa tayari mfukoni, nikautoa mtupu.

Nilipomweleza msimamizi wetu, alinionya. "Sisi si madaktari. Mbwa bado anajifunza. Ukimtia mtu hofu bure, je?"

Sikumwambia mama. Kesho yake mbwa akakaa tena, na siku iliyofuata. Kila mara nilimnyima. Juma la tatu akapita mbele ya mama bila kusimama, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimemfundisha kunyamaza.

Mkataba ulipoisha, nilitoka na begi langu. Mama alikuwa uani.

"Rafiki yangu siku hizi hanisalimii," akasema.

Mbwa alimsogelea, akasita, akakaa nusunusu huku akiutazama mkono wangu. Nikatoa nyama, nikampa.

Mikono ya mama ikasimama.

"Kumbe amepatia."

"Mbwa hukosea, mama. Lakini nenda hospitali."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa maharage."

Akaangalia hindi alilokuwa analipukuchua. "Sasa ni mahindi," akasema.

Akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kipya. Tulipanda mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, hadi Kasulu, yeye katikati. Nilimwacha kwenye lango la hospitali, kisha nikaenda kupanda basi. Sijarudi tena.