Fundi Redio na Mlio Uliomshinda

Mtaa mzima ulijua kwamba fundi redio ana mashine tumboni, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeutangazia. Madaktari walimpachikia chini ya ngozi, kando ya kitovu: kidude bapa kama kopo la rangi ya viatu, kinachopima sukari na kummwagia insulini chenyewe. Kila miezi mitatu muuguzi hukijaza dawa kwa sindano.

"Nyinyi mmebeba matumbo," aliwaambia wateja, shati juu. "Mimi nimebeba kiwanda."

Sasa tangu jana kitu kilikuwa kikilia dukani. Tii. Kimya. Tii.

"Ni redio yako hiyo, Mwalimu," alimwambia bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekaa kwenye benchi akisubiri.

"Redio yangu haina hata betri, Fundi."

"Ndiyo maana inalalamika."

Akaifungua. Akafungua na ya jirani, kisha saa ya ukutani, mpaka meza ikajaa skrubu. Alipoenda msalani, mlio ukaenda naye. Akailaumu taa ya huko. Koo lilimkauka, akamaliza chupa tatu za maji, macho yakaanza kuona ukungu. Akasingizia joto.

Mkewe alipomletea chakula, alisikiliza kidogo, akaweka bakuli chini, akainama na kumtegea sikio tumboni mbele za watu.

"Baba watoto, muuguzi alikwambia nini kuhusu mlio?"

Fundi akajikuna kisogo. Siku ya kupachikiwa kidude, muuguzi alipokuwa akieleza, yeye alikuwa akimfundisha muuguzi habari za betri.

"Nadhani alisema dawa ikikaribia kwisha, kitalia."

"Na ikiisha?"

Hilo alilijua bila kufundishwa. Kabla ya kuwekewa kidude, aliwahi kuokotwa chini ya meza hiihii, hajitambui, skrubu bado mdomoni. Safari ile daktari alisema wamemwahi chupuchupu.

Akavaa viatu haraka, cha kushoto kulia, cha kulia kushoto.

"Na redio yangu?" akauliza Mwalimu.

"Nzima, Mwalimu. Mbovu ni fundi."

Zahanati, mkewe akiwa kando, walimpima, sukari imepanda vibaya, dawa ikitoka kwa matone tu, lakini ilikuwa haijakauka kabisa. Muuguzi akachoma sindano, akajaza, mlio ukakatika. Kisha akavuta kiti aanze kueleza upya, akimtazama kwa wasiwasi.

"Sema polepole, dada," fundi akamwambia, mkono tayari kuuziba mdomo wake mwenyewe. "Na huyu mke wangu asikie. Mimi kichwa changu ni spika, hakina maikrofoni."