Sinema Sebuleni kwa Idrisi

Idrisi alikuwa na bucha Meru mjini, mtu wa kicheko na mkono mwepesi, ila kwa mkewe Kibibi wivu ulimzidi kimo. Mteja akimsalimu Kibibi mara mbili, nyama yake hujaa mifupa. Aliyemkosesha usingizi hasa ni Mbarak, ambaye alipeleka posa kwa kina Kibibi kabla yake. Sasa Mbarak aliendesha gari la sinema la serikali, akionyesha filamu katika vile vijiji vya Hali ya Hatari walimokusanywa watu kwa nguvu, na mji mzima ulimsifu.

Basi Idrisi naye akanunua projekta kuukuu kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Akaalika majirani mchana, maana jioni ni kafyu, akaziba madirisha kwa mablanketi. Shuka jeupe likakata sebule katikati, wanaume huku, wanawake kule, wote waone bila kuonana. Projekta akaiweka juu ya gogo lake la kukatia nyama, lililobebwa na wanaume wanne wakihema, akaiinua pua kwa kabari.

Lo! Picha juu pana, chini nyembamba. Askari wa kwenye filamu walikuwa na vichwa vya maboga na miguu ya kuku. Wanawake wakaangua kicheko. Idrisi akasukuma kabari, mambo yakazidi.

"Projekta inaangalia juu, na shuka imesimama wima," akasema Mbarak, ambaye hakualikwa ila alifuatana na jirani. "Hiyo gogo haiinuki. Wacha tuinamishe shuka." Akapaza sauti: "Kibibi, shika hapo chini, vuta kwako. Polepole. Hapo hapo!"

Kibibi akavuta. Picha ikanyooka pande zote, watu wakapiga makofi.

Idrisi hakuiona picha. Alisikia tu ile "polepole", na jinsi mkewe alivyoelewa mara moja, ilhali yeye Idrisi humwambia jambo mara tatu ndipo aelewe. Roho ikamuuma, akajiona mgeni katika sebule yake.

"Achia hiyo shuka!" akafoka.

Shuka likarudi wima. Vichwa vikavimba, miguu ikakonda. Safari hii hakuna aliyecheka. Mbarak akachukua kofia yake akatoka.

Idrisi akalegeza sauti. "Mama Mwanarusi, picha nitainyoosha mimi mwenyewe."

"Iache tu, Baba Mwanarusi," Kibibi akajibu kutoka nyuma ya shuka. "Mimi nimeshazoea."