Chungu cha Managu Nilichokiondoa Mezani

Nakumbuka adhuhuri moja nilipokubali, kwa neno moja tu, chungu cha managu, mboga zetu za majani, kiondolewe mezani. Neno lenyewe lilikuwa "haya". Mwanangu, natamani hadi leo kwamba ningesema "hapana".

Wakati huo nilikuwa na nguvu za kupasua kuni, ila damu yangu ilikuwa imejaa sukari. Daktari wa kliniki alikuwa ameniambia nipunguze vyakula vya wanga: ugali, viazi, mkate, wali. Nile mayai, samaki, kuku, parachichi, na mboga za majani kwa wingi. Ulaji huo ninyi vijana mnauita keto, na mnauzungumzia kama kitu kilichoshuka jana kutoka mbinguni. Lakini kwetu Shinyalu, mtu asiyekula obusuma, yaani ugali, husemwa amelala njaa hata kama amemaliza kuku mzima.

Mke wangu, Mama Muhonja, hakubishana na daktari. Aliitazama sahani yangu, akaona kwamba pale ugali ulipoondoka pamebaki shimo. Akalijaza kwa mboga za kienyeji. Leo mrenda aliolainisha kwa munyu, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe. Kesho saga na majani ya kunde. Managu nayo aliyachemsha, akamwaga maji machungu, akayatia maziwa na samli, kisha akayaacha yalale chunguni mpaka uchungu ukawa utamu. Nilishiba. Sukari ikaanza kushuka, nami nikaanza kulala bila kuamka kila mara kwenda chooni.

Ndipo wakwe walipokuja kumposa binti yetu Muhonja. Kwetu mgeni wa posa ni wa kuku. Majani ni ya siku ambazo mgeni hayupo. Mama Muhonja alipika kuku, akasonga ugali, kisha akaweka chungu cha managu katikati ya meza ili nami nipate cha kula. Ndugu yangu mkubwa, Lumbasi, alifunua kifuniko, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mdogo wangu, wakwe wanalishwa majani? Watasema tumewaita malishoni."

"Ni yangu," nikasema. "Daktari aliniambia..."

"Majani anakulanga fahali. Kwani kesho unapigana na nani?"

Kwetu tunapiganisha mafahali, nami nilikuwa na wangu, kwa hiyo utani huo uliwachekesha hata wakwe. Mama Muhonja alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Nikamwambia, "Haya, ondoa." Na ili nionekane mwanamume kamili, nikaongeza, "Mimi si mbuzi."

Alikiinua chungu taratibu. "Sawa, Baba Muhonja. Fahali wako unamkatia majani kila asubuhi apate nguvu. Wewe utapata wapi?" Akampelekea jirani chungu chote.

Mkataa pema, pabaya panamwita. Kwa kuwa nilikuwa nimesema mbele za watu, niliona haya kula mboga hata nikiwa peke yangu jikoni. Nikaishika keto ya nyama na mayai matupu. Tumbo likafunga, nikachoka, na lile shimo kwenye sahani likawa linaniita kwa jina. Kabla mahindi hayajabeba nilikuwa nimerudi kwa obusuma, tonge juu ya tonge. Kliniki nikaacha kwenda, nisije nikaulizwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Sukari ikapanda, kiatu cha gambuti kikanichubua kidole cha mguu, nami sikuhisi kitu mpaka kidonda kikaoza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi sikuombi pole.

Ninachokuomba ni ukaidi. Juzi wakwe walirudi kwetu, na chungu kilikaa katikati ya meza kwa amri yangu. Lumbasi akafungua mdomo.

"Cheka, kaka," nikamwambia, "lakini ucheke ukinipitishia managu."

Alinipitishia. Na mkwe mmoja akaomba ajaribu kidogo, akaongeza mara ya pili.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Ukiondoa ugali kwenye sahani, usiache shimo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Jaza mrenda, managu, saga, mchicha, sukuma wiki ukikosa vingine. Tia samli au parachichi, na kipande chako cha kuku kando. Wanga wa mboga hizo ni mdogo, nazo hulilainisha tumbo na kuituliza njaa. Ikiwa unatumia dawa za sukari, usibadilishe chakula kabla hujazungumza na daktari, na usikwepe kliniki kwa sababu ya aibu. Mtu akikuita mbuzi, endelea kutafuna. Heshima ya meza huisha vyombo vinapooshwa. Mwili utabaki nao.

Mungu akupe bustani karibu na jiko, akupe anayekupikia kwa upendo, na akupe shingo ngumu mbele ya wanaocheka.

Mimi "haya" yangu ilinigharimu mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Siku Muhonja alipoolewa, aliyemshika mkono kumpeleka mbele ya kanisa alikuwa Lumbasi. Mimi nilikuwa wodini.